Kutoka salama: mwongozo kwa mama wa Lubumbashi anayekimbia kipigo pamoja na watoto wake

Maswali yanayorudi ni yaleyale. Niende wapi usiku huu? Nikitoka na watoto, atasema nimewaiba? Nianzie polisi au hospitali? Nyumba ya kukimbilia inalipiwa? Hapa yanajibiwa kwa mpangilio wa kazi yenyewe, tangu siku ambayo bado unaishi ndani ya lupangu (kiwanja chenye nyumba) la mume mpaka siku utakayoshika ufunguo wa mlango wako. Tunamwandikia mama kwa sababu ndiye anayeuliza mara nyingi. Hatua zinamfaa pia msichana anayepigwa na ndugu aliyemlea, baba anayeumizwa nyumbani, na jirani anayetaka kusaidia bila kuharibu.

Neno moja kabla ya yote: hatari haikomi siku unapofunga mlango, mara nyingi hupanda. Mwanaume aliyezoea kuitawala nyumba kwa ngumi, akihisi mke anamponyoka, ndipo hufanya yale ambayo hajawahi kufanya. Kwa hiyo usimtishie kwamba utaondoka, na usiitoe siri yako katikati ya ugomvi. Wanaojua wawe wawili, wasizidi watatu.

Kama hatari ni ya sasa hivi

Acha kusoma, toka na watoto, uache mizigo. Hatari ni ya sasa hivi kama amekukaba koo, ameshika panga au silaha ya moto, au ametamka kwamba atakuua wewe au watoto. Nenda penye watu na taa: kituo cha afya chenye zamu ya usiku, parokia, posti ya polisi iliyo karibu. Karatasi zinaweza kufanywa upya.

Vitu vya kuandaa

Vitafute kidogo kidogo, siku tofauti, ili nyumba isionekane kupungukiwa.

- Karatasi: kadi ya mpiga kura au paspoti yako, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, livret de ménage (daftari la familia) au cheti cha ndoa, kadi za chanjo, bulletins (ripoti) za shule, karatasi za lupangu kama jina lako limo. Ukishindwa kutoa za asili bila yeye kugundua, piga picha kila ukurasa na uzitume kwa mtu wako wa siri.
- Pesa: nauli ya safari tatu za mjini kwa familia nzima, pamoja na chakula cha siku tatu. Ziwe noti ndogo za franka. Noti moja kubwa ya dola itakuchelewesha ukitafuta wa kukuvunjia alfajiri.
- Simu ya batani na laini ambayo mume haijui, pamoja na namba tano zilizoandikwa kwenye karatasi.
- Dawa za kila siku, zako na za watoto. Anayekunywa dawa za kifafa, sukari au virusi vya UKIMWI achukue za wiki mbili.
- Nguo mbili kwa kila mtu, kikwembe kimoja cha kubebea na kufunikia, nepi, na kitu kimoja ambacho mtoto mdogo halali bila kukishika.
- Ufunguo wa nyumba, nakala.

Mzigo huu usikae kwako. Upeleke kwa jirani ambaye mume hamzoei. Njia inayofaa ni hii: karatasi zifungwe ndani ya nailoni mbili, ziwekwe chini ya mfuko nusu wa unga wa bukari (ugali), na mfuko ukae jikoni kwa jirani huyo kama deni la unga. Begi lililo tayari chini ya kitanda chako ndilo kosa linaloumiza wengi, maana yeye hulikuta kabla ya siku yako.

Hatua kwa hatua

1. Safisha simu yako, lakini usiioshe kabisa. Fungua WhatsApp, ingia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, uangalie kama kuna kompyuta au simu nyingine inayosoma ujumbe wako. Zima kipengele cha kuonyesha mahali ulipo. Badilisha namba ya siri ya Airtel Money, M-Pesa au Orange Money siku ya kuondoka, si wiki moja kabla, maana akijaribu akakuta imekataa ataanza kuuliza. Usifute mazungumzo yote: simu tupu ghafla inamwambia kila kitu. Mipango yote ipite kwenye simu ya batani, na simu hiyo isilale nyumbani.

2. Tafuta mahali kabla ya kutoka. Kuna njia nne, na tunazipanga kwa usalama wake.

Ya kwanza ni nyumba salama inayosimamiwa na shirika. Anwani yake ni siri na huwezi kuikuta kwa kuuliza njiani. Unaifikia kupitia mhudumu wa jamii wa hospitali, Division ya Genre, Famille et Enfant ya mkoa (ofisi ya jinsia, familia na mtoto), Division ya Affaires sociales (ofisi ya ustawi wa jamii), au wakili. Ukiongea nao, uliza mambo haya na uandike majibu: Mnapokea leo au kuna foleni? Mnapokea watoto wangapi? Mvulana wa miaka kumi na tatu anaruhusiwa? (Nyumba nyingine huwakataa wavulana wakubwa, na mama hugundua akiwa mlangoni.) Nitakaa muda gani? Kuna kulipa? Simu inaruhusiwa? Watoto watasoma wapi? Anayekudai pesa ili akupeleke nyumba salama, mkimbie. Na hakuna anayeruhusiwa kukulazimisha kushitaki kwanza ndipo upate kitanda.

Ya pili ni masista na parokia. Wengi hupokea kwa usiku mmoja au mbili hata bila kupangwa, nao huwa na mhudumu wanayemfahamu. Omba waziwazi usalama, usiombe maombezi tu, la sivyo jioni hiyohiyo mtaitwa nyote wawili mkae mezani.

Ya tatu ni ndugu au rafiki katika komini (sehemu ya mji) nyingine. Ukiishi Katuba, nyumba ya rafiki wa Ruashi ambaye mume hajawahi kufika ni bora kuliko nyumba ya dada yako mtaa wa pili.

Ya nne ni chumba cha kupanga, na hii tutaifikia chini, kwa sababu ni ya baadaye.

Nyumba ya wazazi hatukuiweka humo makusudi. Ndiko anakoanzia kutafuta. Na ndiko mahari hukaa mezani kabla ya majeraha yako: wajomba wanakumbuka walichopokea, wanaogopa kurudisha, na kikao kinaisha kwa kukuambia uvumilie. Wapo wazazi wanaosimama imara na mtoto wao, na hao ni baraka. Waambie ukishafika salama, usiwaambie kabla.

3. Chagua saa. Asubuhi, akishatoka kwenda kazini, ni bora kuliko usiku. Anayefanya kazi Likasi au Kolwezi akarudi mwisho wa wiki anakupa siku nzima, basi tumia Jumatatu au Jumanne, si Ijumaa. Watoto waende shule kama kawaida, uwachukue huko kwa sababu ya daktari. Mtoto aliye chini ya miaka kumi asiambiwe kabla. Hana kosa, ila siri ni mzigo asioweza kuubeba mbele ya baba yake.

4. Ondoka kama mtu anayekwenda sokoni. Toka na kikapu, upite kuchukua mfuko wa unga. Usipande taksi ya mtu wa avenue yenu: kesho ataulizwa, naye atajibu. Tembea mpaka barabara kubwa, panda taksi-bus, shuka penye watu wengi kama soko la Kenya, kisha panda nyingine. Simu yako ya kawaida izimwe kabla ya kushuka mara ya kwanza.

5. Hospitali kwanza, polisi baadaye. Hapa wengi hugeuza. Huhitaji karatasi ya polisi ili kutibiwa. Nenda Hospitali ya Jason Sendwe au kituo cha afya kilicho karibu na unakokwenda, useme wazi kwamba umepigwa na nani. Ukisema ulianguka bafuni, daktari ataandika ulianguka bafuni, na karatasi hiyo itakutesa mahakamani.

Kama umebakwa, hata na mume, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zianze ndani ya saa 72, na zinywewe siku 28 bila kuruka. Kidonge cha kuzuia mimba kinaweza kufanya kazi mpaka saa 120, ila kila saa unayochelewa inakipunguzia nguvu. Uliza pia kuhusu pepopunda na homa ya ini B. Baada ya saa 72 bado nenda: kuna mengine yanayotibika.

Kama alikukaba koo, mwambie daktari hata kama shingo haina alama. Sauti iliyokauka, maumivu ya kumeza, madoa mekundu machoni, kujikojolea au kupoteza fahamu hata kidogo ni dalili za kuangaliwa siku hiyohiyo. Mtu anaweza kutembea vizuri asubuhi na kuzidiwa usiku. Mjamzito asiyesikia mtoto akicheza asisubiri kesho.

Wako wanaoulizia namna ya kusafiri mpaka Panzi, hospitali iliyoanzishwa Bukavu mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege. Sifa yake ni ya haki, lakini iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, na dawa za saa 72 haziwezi kungoja safari hiyo. Cité de la Joie, iliyofunguliwa Bukavu mwaka 2011, nayo si nyumba ya kukimbilia usiku: ni mafunzo ya miezi sita kwa wanawake vijana walionusurika na ukatili.

6. Toka hospitali na cheti kinachosema kitu. Msomee daktari orodha hii polepole, nawe usione haya: mahali pa kila jeraha, ukubwa wake kwa sentimita, rangi yake, kilichotumika kulingana na maelezo yako, na siku ngapi hutaweza kufanya kazi. Hilo la mwisho ndilo mama wengi hukosa, na ndilo lenye uzito. Kanuni ya adhabu ya Kongo, kifungu cha 46, inampa aliyepiga na kujeruhi kwa kawaida kifungo cha siku 8 mpaka miezi 6. Kifungu cha 47, kipigo kikileta ugonjwa au kushindwa kufanya kazi, kinapanda kuwa miaka 2 mpaka 5. Na muda wa kushitaki unafuata adhabu: kosa ambalo adhabu yake haizidi mwaka mmoja hufa baada ya mwaka 1, lile lisilozidi miaka mitano hufa baada ya miaka 3. Kwa hiyo mstari mmoja wa daktari, "siku 21 bila uwezo wa kufanya kazi", unaweza kukuongezea miaka miwili ya kufikiri kabla ya kushitaki.

Piga picha pia. Moja ya mbali inayoonyesha uso na jeraha pamoja, moja ya karibu ukiweka kiberiti kando ya jeraha ili ukubwa uonekane. Rudia siku ya pili na ya tatu, maana alama nyeusi hukolea baadaye. Nguo zenye damu ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si nailoni, kwa sababu nailoni huozesha.

7. Kisha sheria, ukiamua. Si lazima ushitaki wiki hii. Ukishitaki, omba polisi wa ulinzi wa mtoto na wa kuzuia ukatili wa kingono kama wapo kwenye komisaria, la sivyo OPJ (ofisa wa polisi anayepeleleza makosa) wa kawaida. Malalamiko hayalipiwi. PV (karatasi ya maelezo yako) ikishaandikwa, isome au usomewe kabla ya kutia sahihi, urekebishe hata jina la avenue. Faili ikifika parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), omba namba yake ya RMP (namba ya kesi katika daftari la parke), uiandike. Bila namba hiyo, kila mara utaambiwa faili haionekani.

Fahamu hili mapema: OPJ anaweza kumshika mtu saa 48 tu kabla ya kumpeleka mbele ya mwendesha mashtaka au kumwachia. Anayeshitaki Jumatatu akalala nyumbani kwake akidhani mume yuko ndani, Jumatano anaweza kumkuta mlangoni. Shitaki ukiwa tayari unalala kwingine.

Kuhusu ubakaji, sheria za tarehe 20 Julai 2006 zinasema faini ya kupatana haizimi kesi. Kwa hiyo yule anayesema "mumalize kwa amande" (faini) hana sheria nyuma yake.

Wakili usiye na pesa ya kumlipa anaombwa kwenye Bureau de consultations gratuites (ofisi ya ushauri wa bure) ya Barreau, chama cha mawakili. Nenda na cheti cha daktari, namba ya RMP na karatasi ya komini inayoonyesha kwamba huna uwezo.

8. Watoto. Kama hakuna hukumu ya mahakama, mamlaka juu ya mtoto ni ya baba na mama kwa pamoja. Kumtoa mtoto penye kipigo si kumwiba. Lakini usikae kimya miezi: wiki ya kwanza umwone mhudumu wa jamii aandike ripoti, na wakili aulize Tribunal pour enfants (mahakama ya watoto) kuhusu ulinzi wa mtoto. Talaka na matunzo ya kila mwezi huanzia Tribunal de paix (mahakama ya amani). Shule ipewe barua inayosema nani anaruhusiwa kumchukua mtoto, ukiongea na mkurugenzi ana kwa ana. Mlinzi wa geti naye aonyeshwe picha. Barua peke yake haimjui baba akija na biskuti.

9. Chumba chako. Usikimbilie kupanga wiki ya kwanza. Nyumba salama inakupa muda wa kupona na kupanga pesa, utumie. Ukianza kutafuta, hesabu kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na garanti (pesa ya dhamana). Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu nyumba za kuishi inaweka garanti isizidi miezi mitatu. Wenye nyumba wengi wa hapa huomba zaidi, nawe una haki ya kubishana ukitaja sheria hiyo. Mkataba uwe kwa jina lako, garanti iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, upewe risiti. Mwenye nyumba akidai ruhusa ya mume, mwambie ile ruhusa ya Sheria ya familia (Code de la famille) ya 1987 iliondolewa mwaka 2016.

Chagua lupangu lenye familia kadhaa na geti moja, lisiwe chumba cha pekee mwisho wa njia. Angalia komeo kwa ndani, na dirisha la nyuma. Kubaliana na jirani mmoja neno la siri, kwa mfano "niazime chumvi ya mawe", likimaanisha aite watu.

Mahali mambo yanapokwama

*Nyumba salama imejaa.* Usirudi nyumbani kungoja. Omba kitanda kwa masista kwa usiku tatu, na umpigie mhudumu kila asubuhi. Nafasi hufunguka asubuhi, familia zinapoondoka.

*Polisi wanasema ni mambo ya ndani ya nyumba.* Usigombane pale. Peleka malalamiko yako kwa maandishi moja kwa moja parke, nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo.

*Hospitali inadai pesa ya cheti.* Omba kuonana na mhudumu wa jamii wa hospitali kabla ya kulipa. Mara nyingi kuna mradi unaobeba gharama, ila wa kaunta hautaji.

*Vyeti vya watoto vimebaki kwake.* Nenda état civil (ofisi ya uandikishaji wa kuzaliwa) ya komini walikoandikishwa, uombe nakala. Mtoto ambaye hakuandikishwa ndani ya siku 90 anahitaji hukumu ya mahakama, basi mpe wakili kazi hiyo mapema, isingoje mwaka wa shule.

*Familia inataka kikao.* Unaweza kukataa. Ukikubali, kisifanyike nyumbani kwake wala usiku, awepo mtu wako mmoja, na usitie sahihi karatasi yoyote siku hiyo, hasa ile ya "kuondoa malalamiko".

*Anatuma ujumbe wa machozi na vitisho kwa zamu.* Usijibu, usifute. Piga picha ya skrini yenye tarehe na namba, umtumie wakili.

*Amejua unapokaa.* Mwambie msimamizi wa nyumba saa hiyohiyo, hata kama ni wewe uliyempigia kwa uchungu wa moyo. Hutafukuzwa kwa kusema ukweli. Kuna familia nyingine ndani, nazo zinahitaji kujua ili zihamishwe pamoja nawe.

*Umerudi kwake.* Wengi hurudi, mara moja au zaidi, kwa ajili ya pesa, watoto au matumaini. Mlango wa msaada haufungwi kwa hilo. Acha karatasi kwa jirani wa unga, acha simu ya batani kwa mtu wako, na cheti cha daktari kisirudi nawe nyumbani.

*Wewe ni jirani na unasikia kipigo.* Usiingie peke yako. Gonga na kundi, kwa sababu ndogo: maji, moto, mtoto anayelia. Kesho yake, mkikutana peke yenu kwenye bomba la maji, mwambie maneno machache tu: "Mama, mfuko wako unaweza kukaa kwangu."